Kikundi cha Kumi na Saba cha Mama Machozi

Ninyi vijana mnaofanya kazi ya kompyuta pale ofisini Masisi, nimesikia mnalalamika kwamba watu wa vituo wanawapigia simu hata Jumapili mkiwa kanisani. Mimi walinipigia nikiwa nakamua ng'ombe. Mmoja alinipigia siku ya ndoa ya binti yangu, akataka kujua kwa nini kompyuta yake inaandika herufi kubwa tu, nami nilimjibu huku wakwe wananitazama. Kwa hiyo pole zangu mtazipata, lakini msitegemee nyingi.

Sasa nimestaafu. Nina shamba la maharagwe mlimani, nina ng'ombe wawili wanaonidharau, na nina muda wa kutosha. Grâce, aliyechukua nafasi yangu, aliniomba niwaandikie yale ambayo vitabu vya Linux havisemi. Yako mengi, na mengine hayafai kuandikwa. Nitashika hasa jambo la vikundi vya watumiaji, kwa sababu hapo ndipo nilipoona watu wawili wazuri wakikaribia kuachana kabisa kwa ajili ya mashine, na mashine yenyewe haikuwa na chuki na mtu yeyote. Jambo lile liliniumiza wakati ule na nikilikumbuka bado linaniuma kidogo.

Kwa wale waliokuja juzi, nianze na hali ya kazi. Ofisi yetu inasimamia vituo vya afya vya Masisi na vya Walikale. Kila kituo kina dosari yake, yaani dossier, kabrasha la faili zake, kwenye serveur, ile mashine inayonguruma katika chumba cha betri. Kituo kinatuma fishi, zile karatasi za habari za wagonjwa, kwa njia ya mtandao siku mtandao ukikubali, nazo zinaingia katika dosari ya kituo. Wasimamizi wanazisomea kwenye poste zao, kompyuta za mezani zilizo upande wa pili wa ukuta, ambazo zinachukua dosari hizo kutoka kwenye serveur kupitia waya. Kila dosari ina kikundi. Jina lako likiwa ndani ya kikundi, unafungua na kusoma. Lisipokuwamo, mashine inakuandikia kwa Kifaransa safi kwamba ruhusa haikutolewa, nawe unabaki unatazama skrini kama mtu aliyefika kwenye matanga akaambiwa yalikuwa jana.

Yule aliyenifundisha kazi hii ni Papa Déo, marehemu sasa, mtu mfupi aliyependa chai nzito na aliyeamini kwamba kosa linalofanywa mbele ya watu linafundisha kuliko somo. Alilifanya lake mbele ya docteur mkuu. Docteur alikuwa ametaka aongezwe katika kikundi cha jenereta, ili aone mafuta yanavyotumika. Papa Déo akaandika amri ya usermod na alama ya -G, akasahau kuweka ile herufi a mbele yake. Bila ile a, amri haiongezi, inafuta vikundi vyote vya zamani na kuacha kile kipya peke yake. Docteur akatoka kwenye kompyuta yake, akaingia tena, na kuanzia hapo mkuu wa kazi yote ya afya hakuweza kufungua kitu chochote duniani isipokuwa habari za mazutu, dizeli ya jenereta.

“Papa Déo,” docteur alisema, “sasa mi niko fundi wa groupe électrogène?”

“Ni kwa muda, Docteur,” Papa Déo akajibu bila kupepesa macho, na akamrudishia vikundi vyake kimoja kimoja, akivikumbuka kwa kichwa. Tangu siku hiyo sijawahi kuandika G kubwa bila kuitafuta a kwanza. Nanyi fanyeni hivyo, na kabla hamjagusa kitu, iulizeni mashine kwa amri ya id huyo mtu yuko wapi na wapi, mwandike jibu pembeni.

Somo lake jingine lilikuwa kwamba mashine inasoma vikundi vya mtu wakati anapoingia tu. Ukimwongeza mtu akiwa amekwisha kuingia, hataona kitu mpaka atoke na kuingia upya. Hili mnalijua. Lakini mtashangaa ni watu wangapi wanaodhani kufunika kompyuta ni kutoka. Kuna infirmier, muuguzi mmoja wa Nyabiondo, alinigombeza wiki nzima kwamba sikumwongeza, kumbe mashine yake haikuwahi kuzimwa tangu ilipotolewa kwenye katoni. Nilipomwambia azime, aliniuliza kama itawaka tena.

Na Papa Déo alitufundisha habari za mipaka. Zamani, alisema, Linux ilikubali mtu awe katika vikundi thelathini na viwili tu, kisha wakaongeza mpaka zaidi ya elfu sitini na tano. Akacheka akasema katika Masisi yote hakuna mtu mwenye marafiki elfu sitini na tano. Tulicheka naye, tukaliweka jambo hilo pembeni. Alikuwa amesema kweli, maana huo ndio mpaka wa mashine yenyewe. Ila kati ya mashine na mashine kuna njia, na njia nayo ina mpaka wake.

Sasa niwaeleze desturi yetu, kwa sababu bila hiyo jambo hili lisingetokea. Kwetu mtu akiingizwa katika kikundi hatolewi. Hata kwenye simu, ukimtoa mjomba katika groupe ya familia, lazima kiitwe kikao, na kwenye kikao hicho utanunua kinywaji. Ofisini ilikuwa vilevile. Mtu akihamishwa, jina linabaki. Dereva aliyeacha kazi na kwenda kuuza jibini Goma, jina lake lilibaki katika kikundi cha chanjo mpaka mimi nastaafu, na ninafikiri bado limo. Kuongeza ni heshima. Kutoa ni kumwambia mtu kwamba hana tena sehemu kwenu.

Mama Machozi alikuwa msimamizi wa wazalishaji, yaani wakunga, mtoto wa Loashi, mwanamke wa mlimani mwenye mwendo wa haraka na sauti ya kujibu kabla hujamaliza kuuliza. Alizunguka vituo vyote. Akifika mahali akasaidia kuzalisha katika shida, au akakaa wiki nzima kufundisha, wenye kituo walimshukuru. Wengine walimpa kuku. Wengine walinipigia simu mimi: “Papa Anselme, tia jina ya Mama Machozi mu groupe yetu. Sasa iko muntu wa hapa.” Kuku anakwisha siku ileile lakini kikundi kinabaki, na yeye alivipenda vikundi vyake kweli. Wakati mwingine aliniomba nimsomee kwenye skrini, Nyabiondo, Kibua, Itebero na vingine vyote, akitikisa kichwa kwa kila kimoja.

Halafu kikaingia kituo cha Hombo, kule mwisho wa Walikale, kwenye barabara ya Bukavu kwenda Kisangani. Kutoka Masisi si njia ya kwenda mbio. Mama Machozi alishuka mpaka Sake, akapita Shasha ambako hakukosa kununua samaki wa kukausha, akafuata ziwa mpaka Bukavu, ndipo akaingia barabara ya msitu. Hakuna msimamizi mwingine aliyekubali safari hiyo. Yeye alikubali kwa sababu aliambiwa kule mzalishaji ni mmoja tu, tena bado mchanga wa kazi, na hana wa kumwuliza.

Mkuu wa kituo cha Hombo ni Papa Musombwa, infirmier, mwana wa msitu, mtu wa maneno machache. Safari ya kwanza haikuwa tamu. Mama Machozi alimsahihisha mzalishaji mbele ya watu, na mtu mmoja nyuma akasema, “Hawa ba Masisi banakuya kutufundisha kuzaa.” Papa Musombwa hakucheka wala hakumkemea aliyesema. Mama Machozi alirudi na neno hilo moyoni. Hata hivyo mbele ya docteur Papa Musombwa alikubali kwamba Mama Machozi ndiye atakayesoma fishi za wajawazito wa Hombo, na siku ileile akanipigia simu niongeze jina. Niliongeza, na herufi a ikiwapo.

Asubuhi iliyofuata Mama Machozi akasimama mlangoni pangu.

“Papa Anselme, bananiweka ku groupe ya Hombo, lakini dosari haifunguke.”

“Ulitoka ukaingia tena?”

“Nimetoka, nimeingia, nimezima, nimewasha. Iko tu ileile.”

Nikaenda kwenye poste yake. Nikaandika id, na Hombo ikaonekana mwishoni kabisa. Nikatazama ruhusa za dosari, zilikuwa sawa na za vituo vingine. Dosari nyingine zote zilimfungukia, Hombo ikakataa. Nilianza kujikuna kichwa, na yeye alikuwa akinitazama ninavyojikuna.

“Acha kutafuta,” akasema. “Mi najua. Papa Musombwa alikubali mbele ya docteur juu ya kuona haya tu. Kisha alikuambia unifunge.”

“Hakuniambia vile, Mama.”

“Basi aliambia mungine.”

Nilimwapia kwamba hakuna mungine, serveur naishika peke yangu. Hakuniamini kabisa, ingawa tulikuwa tumefanya kazi pamoja tangu bado nina nywele. Mtu akishaumia, kila mlango uliofungwa anaona umefungwa kwa ajili yake. Na ofisini kwetu kuta ni za mbao. Kabla ya wiki kwisha neno lilikuwa limeshuka na wenye moto, zile pikipiki za abiria, mpaka Sake, likapanda magari ya wafanyabiashara, likafika Hombo likiwa limenenepa njiani: Mama Machozi anasema Papa Musombwa ni mtu wa uso mbili.

Nilimpigia Papa Musombwa nimwulize.

“Mi siko na neno na Mama,” akasema. “Ni yeye iko na neno na mi. Kama anafikiri tunamukatala, aseme mbele yangu.”

“Aseme nini, Papa? Ni machine.”

“Machine inajua kuchagua batu?” akaniuliza.

Ijumaa Mama Machozi alikuja tena, safari hii akaketi. Sauti yake ilikuwa ya chini, na hiyo ndiyo iliyoniogopesha. “Jumatatu nitaenda kuona docteur,” akasema. “Atafute muntu mungine wa Hombo. Mi nimechoka kugonga.”

Mtu mwingine hakuwapo, na docteur alijua hivyo, na yeye pia alijua. Kwa hiyo fishi za Hombo zingekaa kwenye serveur bila kusomwa, na yule mzalishaji mchanga angebaki kama zamani. Nilimwomba anipe siku hiyo moja. Akainua mabega akaenda mezani kwake, mlango wake akauacha wazi.

Vijana, hapa mnisikilize vizuri. Unapokwama, acha kutazama pale palipofungwa, tafuta mahali ambapo kitu kilekile kinafunguka. Nilikaa kwenye serveur yenyewe, nikaingia kwa jina la Mama Machozi, nikagonga dosari ya Hombo. Ikafunguka mara moja. Nikarudi kwenye poste yake, ikakataa. Mtu ni yuleyule, jina limo kikundini, dosari ni ileile. Palipo tofauti ni ule waya tu kati ya poste na serveur, na yale yanayopita ndani yake.

Kisha nikaumba mtumiaji wa uongo, nikamwita mbuzi, maana kwenye kazi hii msijaribie jina la mtu anayeheshimika. Kwanza nikamtia mbuzi katika Hombo peke yake, na kwenye poste akafungua. Nikamwongezea vikundi vya Mama Machozi kimoja kimoja, nikitoka na kuingia kila mara, mpaka mbuzi wangu akawa na cheo kuliko mimi. Alifungua vizuri tu mpaka kikundi cha kumi na sita. Nilipomtia katika cha kumi na saba, Hombo ikafungwa.

Nilicheka peke yangu chumbani, nikiwa nimeshika kichwa. Ule utaratibu wa zamani wa kuchukua dosari kutoka serveur kupitia mtandao una nafasi kumi na sita tu za kuandika vikundi vya mtu. Poste inapokwenda kuomba kwa jina lako, inajaza kumi na sita za kwanza kwa kufuata namba, na zinazobaki inaziacha bila kumwambia mtu. Ni kama kasha la jibini lenye nafasi kumi na sita: la kumi na saba linabaki mezani, na anayepokea Goma hajui kwamba lilikuwapo. Kwa kuwa Hombo kilikuwa kikundi kipya kuliko vyote, kilikuwa na namba kubwa kuliko zote, na ndicho kilichobaki nje. Kingekuwa kituo cha Itebero kimeingia mwisho, Mama Machozi angegombana na watu wa Itebero.

Dawa yake ipo, nanyi muijue. Serveur inaweza kuambiwa isiamini orodha inayoletwa na poste, itazame yenyewe vikundi vya mtu huyo. Ni alama moja inayoitwa manage-gids, na baada ya kuiweka ile huduma inaanzishwa upya. Dawa nzuri zaidi ni kutoujaza mkono wa mtu mmoja kiasi hicho: undeni kikundi kimoja cha wasimamizi, halafu mkipe ruhusa katika kila dosari kwa amri ya setfacl. Papa Déo angefanya hivyo tangu mwanzo. Lakini siku ile serveur ilikuwa inapokea fishi za vituo vilivyokaa bila mtandao tangu barabara ilipofungwa, na ukikatiza hapo unapoteza. Dawa ilikuwa ya Jumamosi. Mama Machozi hakuwa wa kungoja Jumamosi.

Nikamwita. Nikamwonyesha mbuzi.

“Tazama, Mama. Huyu naye iko mu groupe ya Hombo. Tunagonga.” Skrini ikakataa. “Tunamutosha, tunamutoa mu groupe moja yoyote. Anatoka, anaingia. Tunagonga tena.” Ikafunguka.

Akasogeza kiti. “Rudisha.”

Nikarudisha, ikakataa. Akaniambia nirudie tena mwanzo mpaka mwisho, akitazama vidole vyangu, sijui kama alidhani ninaficha kitu.

“Ata mbuzi banamukatala?” akauliza.

“Ata mbuzi. Papa Musombwa hamujue huyu mbuzi.”

Akacheka kidogo, kwa mara ya kwanza tangu Hombo imkatalie, kisha kicheko kikakatika. “Kwa hiyo kusudi niingie Hombo, lazima nitoke fasi ingine.”

“Kwa leo tu, Mama. Kesho nitarekebisha.”

“Leo wala kesho, kutoka ni kutoka.”

Nilimsomea vikundi vyake taratibu. Nyabiondo, akasema hapana, kule alilala juu ya meza ya kuzalishia wakati hawezi kurudi, na watu wakamletea blanketi zao. Kibua, hapana. Itebero, walimwita mtoto jina lake, atawatokaje? Kila nilichotaja kilikuwa na watu ndani yake. Mimi nilikuwa nikiviona kama namba tu miaka yote hiyo, nami ndiye niliyeviandika kwa mikono yangu. Nikataja mpaka mwisho.

“Toa Loashi,” akasema.

“Loashi si ni kwenu?”

“Njo maana. Kule ata bila machine batanifungulia.”

Niliandika ile amri ya kutoa, ambayo nilikuwa sijaitumia kwa mtu aliye hai tangu nianze kazi katika ofisi ile. Vidole vyangu havikuipenda. Akaenda mezani kwake, akatoka, akaingia, akagonga dosari ya Hombo. Fishi zikashuka kwenye skrini.

Alivaa miwani akaanza kusoma, nami nikabaki nimesimama nyuma yake kama mtu aliyeleta chakula. Alisoma haraka, fishi baada ya fishi, kisha akarudi kwenye moja akaisoma polepole. Akaweka kidole kwenye skrini.

“Tazama huyu. Mapendo, mimba ya miezi nane. Tension yake ya kwanza, presha ya damu, nzuri. Ya pili imepanda. Ya juzi imepanda tena. Miguu imevimba. Anasema kichwa inauma, banamupatia paracétamol.” Akavua miwani. “Kila muntu aliandika namba yake akaenda. Hakuna mwenye alitazama zote pamoja.”

Nami siyo mtu wa afya, lakini niliuona uso wake. Akachukua simu. Alitafuta namba, akaiona, kidole kikasimama juu yake. Walikuwa hawajasemeshana tangu neno lile lishuke Sake. Akabonyeza, akaweka haut-parleur, sauti ya nje, maana mtandao wa kule unasikika kwa tabu.

“Papa Musombwa, ni Machozi.”

“Ndiyo, Mama.”

“Nimefungua fishi zenu. Mama Mapendo iko wapi?”

“Iko hapa. Amelala kwetu tangu jana, kichwa inamuuma.”

“Muulize kama anaona muzuri.”

Tukasikia hatua zake, mlango, sauti ya mwanamke. Akarudi. “Anasema macho iko na giza kidogo.”

“Papa, usingoje kesho. Mumupige ile sindano ya magnésium ya mu sanduku ya urgence, ya kuzuia kifafa ya mimba, mi nitamusomea muzalishaji vile ya kufanya. Kisha apelekwe hospitali leo, sasa. Gari iko?”

“Iko camion ya ngazi, mafuta ya mawese, inapakia. Nitaisimamisha. Nitaenda naye mi mwenyewe.”

Mzalishaji akaletwa kwenye simu. Mama Machozi alimwelekeza kwa sauti ambayo sikuijua kwake, ya polepole, akimsubiri arudie kila jambo, bila kumkaripia hata mara moja. Walipomaliza, Papa Musombwa akarudi kuchukua simu yake.

“Papa,” Mama Machozi akasema, “ile maneno ilifika kwako, ni mi nilisema. Haikuwa kweli. Ni machine ilinifunga, siyo weye. Unisamehe.”

“Mama, nilijua siyo mi.” Nje ya simu kulisikika honi ya lori. “Maneno ilipofika, batu ya hapa balisema nipige simu kwa Papa Anselme akutoshe mu groupe. Nikakatala. Nikabaambia, Mama atabakia. Siku atafungua, atatukuta. Acha nikimbie, gari inaenda.”

Simu ikakatika. Mama Machozi aliishika bado mkononi, skrini yake ikazimika.

“Mi nilikuwa nasema ananifungia,” akaniambia, “kumbe yeye njo alikuwa analinda fasi yangu.” Kisha akalia, waziwazi, bila kujifunika uso, nami nikaenda kumtengenezea chai.

Jioni lori lilifika hospitalini. Papa Musombwa alinipigia mimi kesho yake, Jumamosi, nikiwa ndani ya chumba cha betri naanzisha huduma upya na ile alama yake mpya. Alisema Mapendo amepasuliwa, amezaa msichana mdogo mwembamba, wote wanapumua. “Umwambie Mama,” akasema. Nikamwambia namba yake anayo, amwambie mwenyewe. Baada ya muda mfupi nikasikia simu ikilia upande wa pili wa ukuta wa mbao, na vigelegele.

Nilimrudisha Loashi bila kumwuliza, nikajaribu vikundi vyote kumi na saba kutoka kwenye poste, vikafunguka. Mbuzi nikamfuta.

Jumatatu Mama Machozi hakwenda kwa docteur. Alifunga mfuko wake asubuhi, akapanda moto kushuka Sake, aanze njia ya Hombo.